Mipira ya Pedali za Daktari

Nilivua viatu kabla ya kushika mlango wa lile gari, na gari lenyewe halina magurudumu tena. Limekalishwa juu ya mawe nyuma ya zizi, kuku wanataga kule nyuma kulikokuwa kukipakiwa nyasi na ndama, na mimi, mwalimu niliyestaafu mapema, mwenye magoti yanayolalamika nikiinama, nimesimama kwenye vumbi la Katelembo na soksi zangu za mazishi, viatu mkononi, nikingoja ruhusa ya mtu ambaye hayupo. Nilijikasirikia. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Mwenye gari alizikwa zamani, na mkewe, Mama Ndinda, tulikuwa tumetoka kumzika saa hiyo hiyo. Vijana walikuwa bado wananawa udongo kwenye mfereji. Hakuna aliyebaki wa kunigombeza. Hata hivyo mikono yangu ilifungua kamba za viatu yenyewe, kwa sababu mwaka niliokaa katika boma lile sheria ilikuwa moja tu: hakuna kiatu ndani ya gari la Daktari. Ndinda, binti yao, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya bweni, ndiye aliyenituma huko nyuma. "Auntie, hiyo gari wiki ijayo inaenda kwa watu wa vyuma," aliniambia akinipa sahani ya wali. "Kama kuna kitu unataka ya kuwakumbuka, toa leo." Nikamjibu sitaki kitu kutoka kwa gari lile, nililiona vya kutosha. Nikala wali wangu nusu, nikaweka sahani chini, nikaenda.

Ulikuwa mwaka wa Elinino, mwaka mvua ilipoanza na ikasahau kuacha. Nilikuwa nimepewa kazi ya kufundisha shule ya msingi upande wa chini wa Katelembo, kazi yangu ya kwanza, na kwa kuwa nyumba za walimu zilikuwa zinavuja hadi vitanda vinaelea, nilipangishiwa chumba kwa Daktari. Alikuwa daktari wa ng'ombe, mstaafu wa idara ya mifugo, mrefu, mkavu, kofia haimtoki hata mezani. Chumba changu kilikuwa kando ya jikoni na kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana kabla yangu kilikuwa stoo ya chupa zake. Ukuta kati yangu na sebule ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hiyo kila lililosemwa kule nililisikia nikitaka nisitake. Nilisikia redio, nilisikia maombi, nilisikia kijiko cha Daktari kikikoroga sukari kwenye chai kwa muda ambao mtu mwingine angemaliza kuinywa. Mama Ndinda alipika muthokoi uliochambuka vizuri, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe mpaka yakawa laini, na alituwekea samli juu yake. Nimekula vyakula vingi tangu wakati huo na bado naukasirikia muthokoi wa watu wengine kwa sababu sio ule.

Lakini gari! Lilikuwa pikapu ya rangi ya maziwa, kuukuu tayari wakati huo, na Daktari alilitunza kwa njia iliyotuchosha sote. Mtu yeyote aliyetaka kupanda alivua viatu nje. Ungemwona mzee wa kanisa mwenye heshima zake akisimama kwa mguu mmoja kwenye tope, ameshika kioo cha pembeni, anavuta buti lisilotaka kutoka. Ungewaona wafanyabiashara wa ng'ombe, Wasomali wa mjini waliokuwa wakimwita awakagulie mifugo kabla ya kununua, wakipanda na makubadhi mkononi na kutazamana. Ukimwuliza sababu alikuwa na jibu lake. "Gari ni nyumba," alisema. "Kwani wewe kwako unaingia na matope?" Nikamwambia siku moja kwamba kwake naingia na matope kila siku, na Mama hajawahi kunivua viatu mlangoni. Akaniangalia chini ya ukingo wa kofia yake. "Mwalimu, wewe funza watoto." Asubuhi aliponibeba mpaka karibu na shule, nilikaa katikati, gia kati ya magoti yangu, viatu mapajani vikinichafulia sketi, na Mama upande wa mlango akienda sokoni, naye ameshika vyake. Tope lote tulilolizuia lisiguse sakafu lilikuwa kwenye nguo zetu. Hilo halikumsumbua.

Ni kwa kukaa pale katikati ndipo nilipoziona zile pedali. Pedali ya gari, kwa asiyejali mambo haya, huvaa kipande cha mpira chenye mifereji, ili mguu ushike usiteleze. Mpira ukichakaa mifereji inafutika, unang'aa, halafu unaanza kulegea na kuzunguka pedalini. Fundi mmoja wa mjini aliwahi kunieleza kwamba kuukagua si kazi ya kuitiwa fundi: inama, tazama kama mifereji bado ipo, kisha usukume kando kwa kidole gumba, ukicheza, umekwisha, nunua mwingine. Pedali ya klachi ya Daktari haikuwa na mpira kabisa, ilikuwa chuma tupu. Ya breki ilikuwa na mpira uliokuwa laini kama sabuni iliyobaki kwenye kisahani, na umepasuka pembeni. Na juu ya sabuni hiyo, katika mvua hiyo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu wa kushukia mtoni, mzee alikuwa akikanyaga kwa mguu mtupu uliolowa. Nilimwambia siku ya kwanza nilipoona. Nilimwambia kwa adabu, kama mgeni. "Daktari, hizi mipira za pedali zimeisha." Akajibu, "Dereva ni mguu, Mwalimu. Si mpira." Mama aliangalia dirishani. Niligundua wakati huo kwamba Mama alikuwa na breki yake mwenyewe: kila kona, kila mteremko, mguu wake wa kulia ulikuwa ukisukuma sakafu kwa nguvu zote, na shingo imekaza.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mtu huyu huyu, kwa ng'ombe, hakukubali uzembe. Nilimfuata Jumamosi moja hadi kwenye ranchi moja ya Lukenya, nikaona. Kabla ya kumpima mnyama joto, kabla ya kutazama macho au kiwele, aliinama akamnyanyua mguu, akautazama chini ya kwato, akachukua kisu chake kilichopinda cha kuchongea kwato na kuondoa uchafu. "Ng'ombe ni miguu," alimfokea mwenye boma. "Akishindwa kukanyaga, hata maziwa hatakupa. Unangoja nini mpaka kwato ioze? Hii kitu ni ya dakika kidogo tu!" Nilisimama pale na viatu vyangu mkononi, maana ndiyo kwanza tulikuwa tumeshuka kwenye gari, nikasema moyoni kwamba Mungu ana utani. Waswahili walisema mganga hajigangi. Hawakusema kwamba mganga huyo huyo atakupakia garini mwake na kukuteremsha mlimani.

Siku ya mtaro ilikuja katikati ya mvua hizo. Tulikuwa tunateremka kama kawaida, sote watatu, na mbele kulikuwa na punda aliyebeba mitungi. Nilimwona Daktari akiinua mguu kutoka kwenye mafuta na kuupeleka kwenye breki. Mguu ulifika, ukakanyaga ukingoni, ukateleza ukapita, na gari halikupunguza hata kidogo. Akakanyaga tena, na akatazama chini kuuona mguu wake, jambo ambalo dereva hafanyi mteremkoni. Mama alisema neno moja tu la Kikamba, "Mwaitu!", akimwita mamake aliyefariki zamani. Tulimpita punda kwa upana wa kiganja, tukaingia mtaroni, tukasimama dhidi ya kichuguu. Hakuna aliyeumia. Mtungi mmoja ulivunjika na mwenye punda alitutukana kwa ufundi. Daktari akakaa ameshika usukani, akasema, "Ni tope." Nikapandwa na hasira mpaka nikasahau adabu zote. "Si tope, Daktari! Ni mpira! Ni kipande cha mpira ya breki! Utatuua kwa sababu ya kipande cha mpira?" Tulivaa viatu vyetu mtaroni tukaenda kwa miguu, na mvua ikatunyeshea.

Jioni hiyo, baada ya chakula, nikiwa nimelala chali kitandani bila taa, nilisikia kupitia mbao. Mama alikuwa amempelekea beseni la maji ya moto. "Miguu yako iko baridi," alisema. "Iko baridi kama ya mtu amekufa, Baba Ndinda." Akajibu, "Ni hii mvua." Kisha Mama: "Wacha kuendesha hata kama ni hii miezi ya mvua tu. Mtu akikuita, aje akuchukue." Daktari akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Nikiacha kuendesha nani ataniita? Wataita ule kijana wa mifugo, mwenye pikipiki. Wiki mbili, Mama Ndinda, na hawatakumbuka kama kulikuwa na Daktari." Mimi nilisikia maneno hayo nikaona ni kiburi. Nilijigeuza upande wa pili, nikaapa kwamba mipira ya breki nitainunua mwenyewe.

Na hapa ndipo uvumilivu wangu ulipojaribiwa vizuri. Siku chache baada ya gari kutolewa mtaroni nilipanda, nikatazama chini, na ule mpira uliochakaa wa breki haukuwepo tena. Pedali ilikuwa chuma tupu, na kingo zake kali zinameremeta. Tulikuwa tumeomba tuende mbele, mzee ametupeleka nyuma. "Mpira ilienda wapi?" nikauliza. "Iliisha." "Iliisha usiku mmoja?" Akaweka gia. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama, na tangu siku hiyo tukawa chama kimoja. Jumamosi Mama akanipeleka kando karibu na jiko na kuniambia kwa sauti ya chini, akipepeta mahindi ili mzee adhani tunapepeta tu: "Mimi nimezaa na huyu mtu, nimelima na yeye, nimezika wazazi na yeye. Lakini kufa na yeye kwa mtaro sitaki. Tafuta hizo vitu. Tutaweka akiwa ameenda kamati ya kanisa."

Kutafuta! Nilienda duka la spea Machakos mjini, mwenye duka akataka kujua gari ni la aina gani, nikamwambia, akacheka na kumwita jirani yake aje acheke pia. "Madam, hiyo gari bado inatembea? Hiyo mpira labda Nairobi." Nairobi, barabara ilikuwa inakatika na kuunganishwa kila wiki. Nilingoja, kila Jumamosi nikaambiwa nije Jumamosi. Mwishowe, nikitoka pale nimekereka, nilipita karibu na soko walipokaa mafundi wa akala, wale wanaokata viatu kutoka kwa magurudumu makuukuu ya magari, viatu ambavyo mkulima huvaa mpaka akamrithisha mwanawe. Nikajiambia, mpira ni mpira. Fundi aliitwa Mutua, kijana mnene aliyekuwa na misumari midomoni. Nilimwonyesha karatasi niliyochora umbo la pedali kwa penseli.

"Hii ni mguu ya nani?" akauliza.

"Si mguu. Ni pedali. Ya gari."

"Sawa. Sasa huyo mwenye gari anavaa namba ngapi?"

Nilimweleza upya. Nilimweleza tena kwa Kikamba. Akaitikia kila mara "Ii, ii, nimeelewa," na niliporudi baada ya kununua mboga alikuwa amenitengenezea akala mbili ndogo nzuri sana, moja ya kushoto na moja ya kulia, zimepinda ndani kama unyayo, na mikanda ya kupitishia vidole. Alijivunia. Aliziweka sambamba nizione. Nilitaka kukaa chini pale sokoni nilie. "Ya kushoto ni ya klachi," akaniambia akinituliza, "na kulia ya breki. Si ndio?" Tukang'oa mikanda ya vidole, tukapunguza kingo, akaziwekea vipande vya blada, yaani mpira wa tyubu, vya kukumbatia pedali kwa nyuma, na kuvipigilia. Unene alikataa kupunguza. Alisema nikipunguza zitaisha haraka na mtu atasema Mutua ni mwizi. Nilizichukua hivyo hivyo, nene kama soli.

Kamati ya kanisa ilikaa Jumatano. Kofia ya Daktari ilipopotea nyuma ya kona, Mama alishaweka sufuria la maji ya moto mlangoni mwa gari, na mimi nimepiga magoti nje, kichwa chini ya usukani. Tulipangusa chuma kwa kitambaa kikavu, maana tope na mafuta yakibaki mpira hautashika. Tulizitumbukiza zile akala majini zilegee, kisha nikaegemeza ukingo mmoja kwenye pedali na kuvuta ile blada izunguke nyuma kwa mpini wa kijiko cha Mama, kijiko kikapinda, Mama akasema wacha kipinde. Vidole viliniungua. Nilisukuma kando kwa kidole gumba: haikucheza hata kidogo. Nikabonyeza breki kwa mkono, ikashika vizuri. Mama aliinama akatazama, akaguna kwa kuridhika. "Sasa hata akichukia, achukie tukiwa hai," akasema. Tulikunywa chai siku hiyo tukicheka kama wezi.

Asubuhi alikuja mtu kumwita, ng'ombe wa mtu ameshindwa kuzaa. Daktari akatoka haraka, akavua viatu, akapanda bila kutazama chini. Mama akapanda. Mimi nilitangulia kufungua lango. Niliona gari likija polepole, nikashika lango, nikangoja lisimame nipande, kama kila siku. Halikusimama. Niliuona uso wake kwa kioo. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama miguu yake, kichwa kimeinama kabisa, kama mtu aliyeangusha sarafu. Niliruka kwenye majani ya kulisha ng'ombe. Gari liligonga mguu wa mnara wa tangi letu la maji ya mvua, kando ya lango, mbao zikalia, tangi likalala kando, na maji yote tuliyoyakinga miezi hiyo yakateremka uani na kuwachukua kuku. Halafu injini ikazima.

Nilitoka kwenye majani nimejaa hasira za mwaka mzima. Nilitaka kumwambia yote. Niliufikia mlango, nikafungua, na Daktari alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Hakuwa amekasirika kuona mipira mipya. Aliinyooshea kidole.

"Mmeweka mpira."

"Tumeweka," Mama akasema. Hakuomba radhi.

"Sasa siisikii."

"Breki?"

"Mguu." Akatazama mbele, kwenye tangi lililoanguka, akagusa chini ya goti. "Kutoka hapa kwenda chini sisikii kitu. Ni mwaka sasa. Ile chuma ilikuwa na makali. Nikiifikia inanidunga kidogo, kwa ndani, hapa juu. Nikidungwa najua nimefika."

Ikanichukua muda kuelewa. Ule mpira wa zamani haukuwa umeisha. Baada ya mtaro alikuwa ameutoa mwenyewe, kwa kile kisu chake cha kwato, ili chuma kibaki wazi kimdunge. Na viatu! Alikuwa anavua kwa sababu kwa kiatu hangeweza kabisa kujua mguu uko wapi, na ili asionekane anavua peke yake, alituvua sote, wazee wa kanisa, Wasomali, mimi, mkewe, mwaka mzima kwenye tope, na kutuambia gari ni nyumba. Mama Ndinda alishuka, akazunguka gari ndani ya maji yaliyokuwa bado yanatiririka, akafika upande wa dereva. Aliinama, akaukamata mguu wa kulia wa mumewe kwenye kifundo, akaunyanyua na kuugeuza atazame chini, vile vile Daktari alivyowanyanyua ng'ombe. Katikati ya unyayo, pale chuma kilipokuwa kikimdunga, kulikuwa na kidonda kikubwa cha kuingia kidole gumba. Hakuwa na habari nacho. "Kuna kitu?" akauliza. Mama akauweka mguu ule kifuani mwake, kwenye blauzi safi ya kwenda sokoni, na akalia kwa hasira. Alimtukana. Sijawahi kumsikia mwanamke mcha Mungu akitukana vile, na kwa kila tusi aliukumbatia zaidi huo mguu.

Wengi hutarajia niseme kwamba hapo hasira yangu iliyeyuka. Haikuyeyuka. Nilimhurumia, ndiyo, lakini alikuwa ametuteremsha mlimani kila asubuhi kwa mguu asioujua uko wapi, na alijua, na alinyamaza kwa sababu aliogopa wasimwite Daktari. Mpaka leo nikifikiria ule mteremko nakasirika. Nadhani mtu anaweza kupendwa na kukasirikiwa kwa wakati mmoja kwa miaka mingi sana. Mama alifanya hivyo bila kuchoka. Hospitalini walisema ni sukari, na imemkaa siku nyingi. Walimkata kidole kimoja, mguu ukapona. Walimpa amri mbili: asiendeshe, na asitembee tena bila viatu hata hatua moja, hata ndani ya nyumba, hata ndani ya gari.

Kwa hiyo Mama Ndinda akajifunza kuendesha, mwanamke wa makamo, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanaendelea kuumwa na Daktari alikuwa bado na mikono. Walikuja kumwita, ingawa aliogopa hawatakuja. Walikuja tu wakamkuta mkewe kwenye usukani. Mimi nilikuwa katikati, gia kati ya magoti. Mama alivua viatu, maana sheria hakuna aliyeifuta, nami nikavua, na Daktari peke yake akapanda na buti zake kubwa za hospitali zikiwa miguuni, akiwa ametandikiwa mkeka mpya wa mpira chini ili miguu yake isiguse chuma. Mama aliendesha kwa gia ya kwanza, mguu wa kushoto umelala kwenye klachi safari nzima, injini inalia kama mbuzi. "Toa mguu kwa klachi!" alipiga kelele Daktari. "Breki! Mama Ndinda, shika breki!" "Breki ya nini? Kwani tunaenda?" "Kuna kona!" "Nimeiona hiyo kona kabla uzaliwe!" Mama alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Niliwasikiliza hadi masikio yakauma, na mvua zilipokwisha na shule kufungwa nilihamishiwa Kithyoko, nikashukuru Mungu kwa kimya cha Kithyoko, na juma la kwanza nikashindwa kula.

Basi nilifungua mlango wa dereva, viatu mkononi, kuku mmoja akatoka akinilaumu. Akala za Mutua zilikuwa bado pale. Ile ya klachi ilikuwa imekwisha kabisa, nyuzi za gurudumu zimetokeza, na katikati imechimbika umbo la mguu mdogo wa Mama, mguu ambao haukuwahi kusikia kelele za mtu. Niliinama, magoti yakalia, nikaishika ile ya breki. Niliisukuma kando kwa kidole gumba, haikucheza. Ilikuwa karibu mpya. Mifereji yote ilikuwepo, kona zake hazijalika, kana kwamba Mutua ameitoa mikononi jana. Nikashangaa. Miaka yote hiyo ya mteremko wa mtoni, kona na punda, na hakukanyaga breki? Nikazunguka gari nikafungua upande wa abiria. Mkeka wa mpira ulikuwa chini, umekauka, umejaa manyoya ya kuku. Upande wa kulia, pale buti la Daktari lilipokaa, ulikuwa umetoboka. Tundu lenyewe lilikuwa kubwa kama sahani ya chai, kingo zake zimelika taratibu mpaka zikawa nyembamba, na chini yake bati la sakafu lilikuwa limesuguliwa likameremeta.

Nilikaa kwenye kile kiti na soksi zangu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mzee mkaidi. Mguu ambao haukusikia maji ya moto wala kisu cha hospitali ulikuwa umemfungia mkewe breki kila siku mpaka siku ya mwisho. Niliukunja ule mkeka, ukakatika kidogo, nikauweka mapajani palipokaa viatu zamani.

Ndinda alikuja akinitafuta, chai mkononi, viatu vyake vya mazishi vimejaa udongo wa kaburi. Aliweka mguu mmoja ndani ya gari ili atazame vizuri nilichokumbatia.

"Auntie, kwa vitu zote, hiyo? Si imetoboka?"

"Vua viatu," nikamwambia.